Tundu la Milimita Ishirini

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mshonaji. Mimi ninayesoma wasifu huu ndiye mdogo wake pekee. Akiwa na miaka minane alikuwa akitugawia mkate kwa rula, na sijui ilikuwaje, kipande chembamba kilikuwa changu siku zote. Nikilalamika, alinionyesha rula.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, kisha sekondari, na mwaka 1985 akaingia chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la uchoraji wa mashine. Siku tatu mfululizo mlinzi wa geti alimwelekeza kwenye jengo la ushonaji. Siku ya nne alimchorea mlinzi ramani ya chuo kizima, vipimo vyote vikiwemo, akaweka alama ya msalaba kwenye darasa lake. Mlinzi aliibandika kibandani, na hakumsumbua tena.

Mwaka 1988 alianza kufundisha uchoraji katika sekondari ya ufundi, na hakuwahi kuhama. Wanafunzi walimwita Mwalimu Rula, naye akijua na akijifanya hajui. Kompyuta za kuchorea zilipoletwa alikuwa amepita miaka hamsini. Alikaa dawati moja na watoto, akajifunza nao, akachekwa nao.

Mwaka 1992 aliolewa na fundi umeme, mtu mpole, ambaye mpaka leo husema alioa baada ya kukaguliwa. Walijaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume.

Mimi ni fundi mkerezaji, mkata vyuma kwa mashine, katika kiwanda cha pampu za maji. Mwishoni mwa 2022 dada alikuja kwa meneja wetu na ombi moja: wanafunzi wachore vipuri shuleni kwa kompyuta, kisha kila Alhamisi waje kuvitengeneza kwenye mashine zetu. Nilimpinga waziwazi.

"Dada, watoto wako watatuvunjia mashine."

"Kwani wewe hujawahi kuvunja?"

Nikaacha kupinga, maana alikuwa akijua. Januari 2023 Alhamisi zikaanza.

Mwezi Agosti mwaka huo alianza kusikia maumivu ya tumbo. Madaktari walikuta saratani ya kongosho, tena imeshasambaa. Hakuacha kufundisha. Novemba, darasa lake lilileta mchoro wa kifuniko cha pampu, kazi ya kwanza ambayo kiwanda kingeitumia kweli. Shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya pampu, ilikuwa na unene wa milimita ishirini, na tundu wakalichora la milimita ishirini kamili. Kwenye kompyuta shafti iliingia vizuri. Kwenye chuma iligoma, kwa sababu chuma lazima kiachiwe uwazi kidogo, hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Hilo alikuwa akilifundisha tangu 1988. Siku hiyo alisaini mchoro huku maumivu yamembana, hakuliona.

"Kosa ni langu, watoto hawana hatia," alimwambia meneja.

Meneja akajibu, "Mwalimu, nakuheshimu. Leteni kingine. Nacho kikigoma, Alhamisi zimekwisha."

Januari 2024 alilazwa. Mchoro mpya aliukagua kitandani, mwanawe akimshikia karatasi. Ulinifikia Jumatatu, tarehe 29. Alinipigia simu siku hiyohiyo: "Kikereze kifuniko mapema, mdogo wangu. Nataka nikione kikiingia."

Nikasema, "Alhamisi, dada."

Alhamisi ilipofika tulikuwa na kazi za wateja, nikaziweka mbele. Hakuna aliyenilazimisha. Nilimwambia asubiri Alhamisi nyingine, akasema sawa. Hakunilaumu, na ni afadhali angenilaumu. Jumanne, tarehe 6 Februari, saa nne kasorobo asubuhi, dada yangu alifariki, mumewe akiwa amemshika mkono. Mchoro wake ulikuwa bado umekunjwa kwenye kabati langu la zana.

Juzi Alhamisi nilitoka msibani, nikaenda kiwandani. Niliwakuta wanafunzi wote ishirini na watatu wamesimama mlangoni na sare zao. Hakuna aliyewaita. Nikaufungua mchoro. Kando ya tundu palikuwa na mwandiko wake, umetetemeka lakini unasomeka: "Hapa acheni uwazi." Msichana aliyechora ndiye aliyebonyeza kitufe. Mashine ilikata kwa dakika kumi na moja, na ndani ya dakika hizo nililia mbele ya watoto wa watu bila kujificha. Meneja alichukua shafti, akaisukuma. Akatazama chini, akasema, "Alhamisi ijayo njooni kama kawaida."

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili, wanafunzi wa miaka thelathini na sita, na mimi. Kifuniko kiko hapa mezani, kando ya picha yake, na shafti yake iko pembeni. Mkipita kumuaga, isukumeni ndani. Kidole kimoja kinatosha.

Pumzika, dada. Nilichelewa, nisamehe. Kimeingia.