Mama Ijumaa, Mhariri wa Gazeti la Mwisho la Jimbo (1951–2024)

Ndugu, jamaa na majirani, dada yetu alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 katika nyumba iliyo nyuma ya soko, mtoto wa kwanza wa mpiga chapa na mshonaji. Mimi ndiye ninayemfuata kuzaliwa, na tangu utotoni nilikuwa wa pili kusema kila jambo, maana yeye alishalisema.

Alimaliza sekondari ya wasichana mwaka 1970. Mwalimu wake alilalamika kwamba binti anauliza mno. Baba alicheka, akampeleka kazini kwake.

Mwaka 1972 aliingia gazeti la mji wetu akipanga herufi za kuchapia za madini ya risasi, na mwaka 1984 akawa mhariri. Wakati huo jimbo lilikuwa na magazeti matano, kila mji na lake, na kila moja likidai mengine yanaongopa. Moja lilikufa na mwenyewe. Mawili yalishindwa na bei ya karatasi. La nne lilinunuliwa na kampuni ya mji mkuu, likafungwa kabla mwaka haujaisha. Likabaki la dada, likitoka kila Ijumaa, ndiyo maana mji mzima ulimwita Mama Ijumaa.

Alikuwa na utaratibu wake. Habari ya kumlaumu mtu haikuchapwa kabla hajaenda mwenyewe kumsomea mhusika mlangoni. Mkandarasi mmoja, aliyejenga darasa lenye ukuta wa kuyumba, alimfungia mlango. Dada akahamia dirishani, akapandisha sauti.

“Mama, unaniaibisha! Majirani wanasikia!”

“Basi fungua, nisome polepole.”

Hakufungua. Kesho yake mafundi walikuwa wanaubomoa ukuta ule waujenge upya. Gazeti lenyewe halikuuzika wiki hiyo, kwani mtaa mzima ulishasikia bure.

Mwaka 1978 aliolewa na fundi wa mashine ya kuchapa gazeti hilohilo. Shemeji husimulia kwamba alimposa mashine ikinguruma, dada akatikisa kichwa kukubali, naye mpaka leo hana hakika kama swali lilisikika. Hakuthubutu kulirudia.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Kampuni ileile ya mji mkuu ikatuma watu wawili hadi kitandani kwake, wakilitaka gazeti. Sisi wa nyumbani tuligawanyika, maana hatukumwona wa kumrithi. Yeye hakuyumba.

“La jirani mlilinunua mkalizika,” aliwaambia. “Hili bado linapumua, liacheni.”

Walipoondoka, binti yake, ambaye ni mwalimu, alimuuliza, “Mama, sasa nani ataliendesha?”

“Wewe si unajua kusoma kwa sauti?”

Binti alilia. Na mimi nikalia.

Dada alifariki hospitalini asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, mumewe akiwa amemshika mkono. Tulimpenda sana, na kumwogopa tulimwogopa kidogo.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake huyu anayewasomea, na gazeti. Toleo la jana lilihaririwa na binti yake. Kifo cha mama yake amekiweka ukurasa wa tatu. Ukurasa wa kwanza amewapa watu wa mtaa wa juu, ambao mabomba yao hayatoi maji.

Mungu ampe pumziko la amani. Dada, limetoka.