Apolonia Limi Mayala, Aliyetafuta Maji Ndani ya Mawe (1979–2025)

Marehemu Dk. Apolonia Limi Mayala alizaliwa tarehe 14 Mei 1979 hapa hapa Mwabagole, Ushetu, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa mzee Telesphori Mayala, mkulima wa tumbaku, na mkewe Anisia, ambaye sote tunamwita Mama Maduhu kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza. Alizaliwa asubuhi jua linachomoza, ndiyo maana bibi yake akamwita Limi, ambalo kwa Kisukuma ni jua lenyewe. Apolonia ni jina la ubatizo, na ndilo lililokwenda naye ng'ambo. Nyumbani alibaki kuwa Limi, hata alipokuwa daktari wa vitabu.

Utotoni alikuwa na tabia ya kulamba mawe. Mama alimpa dawa ya minyoo, haikusaidia, akamchapa, haikusaidia. Miaka mingi baadaye Limi alirudi kutoka chuoni akaeleza kwamba wataalamu wa miamba hufanya hivyo hivyo: jiwe likinata kwenye ulimi, lina udongo wa mfinyanzi ndani. Mama akauliza, “Kwa hiyo nilikuwa nakuchapa bure?” Limi akamjibu, “Siyo yote bure, mama. Mengine hayakuwa mawe, yalikuwa mavi ya mbuzi.” Mama anasema kicheko cha siku ile ndicho anachokisikia mpaka leo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1987 hadi 1993, kisha sekondari mjini Tabora, na mwaka 2000 akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea jiolojia. Ada ya sekondari ilitoka kwenye tumbaku ya baba na kwenye mikono ya kaka yake Maduhu, aliyeacha shule darasa la saba akaenda kushuka maduarani, yale mashimo ya wachimbaji wadogo kule Bugarama. Jambo hili lazima lisemwe hapa mapema, kwa sababu kuna watu katika msiba huu wanaomtazama Maduhu kwa jicho baya, na wengi wao hawajui nani alimnunulia Limi sanduku lake la kwanza la bweni.

Alipohitimu mwaka 2004 alifanya kazi miaka minne katika mgodi mmoja wa dhahabu, akipima sampuli za miamba. Mwaka 2008 alipata ufadhili wa kwenda Ujerumani, na mwaka 2012 akatunukiwa shahada ya uzamivu kwa utafiti wa madini ya sayari ya Mirihi. Aliporudi alifundisha chuo mjini Dodoma hadi alipougua. Wale mnaosema marehemu alikuwa akiwatafutia Wazungu dhahabu ya mwezini, sikilizeni vizuri, kwa sababu maneno hayo yamekwisha kuleta hasara kubwa katika nyumba hii.

Limi alikuwa akitafuta maji. Siyo maji ya kuchota kwa ndoo. Alisema kuna madini ambayo yakijitengeneza mahali penye maji huyameza maji yale na kuyafungia ndani, na hayatoki mpaka uyachome kwa moto mkali. Ukiyakuta madini hayo mahali pakavu kama Mirihi, unajua kwamba zamani, kabla ya mtu yeyote kuwepo, maji yalipita hapo. Alisoma vipimo vilivyoletwa na vyombo vinavyoizunguka sayari ile, akaandika, akasifiwa. Mzee Telesphori, kabla hajafariki mwaka 2017, alikuwa akimtania, “Mirihi palikuwa na maji, nimekubali. Hapa kwetu tunagombania dimbwi na ng'ombe. Utafiti wako ukishuka duniani, uanzie Mwabagole.” Limi alicheka, lakini neno lilimwingia. Likizo iliyofuata alizunguka na wachimba visima akiwaonyesha mahali, na kisima cha pale shuleni, ambacho maji yake ndiyo mliyokunywa leo, ni kazi yake.

Tarehe 14 Desemba 2013 alifunga ndoa takatifu na mwalimu William Mihayo katika parokia ya Ushirombo, kwao bwana harusi. Walijaliwa watoto wawili, Vumilia na Bartholomeo. William anasema mkewe alikuwa mwepesi wa kusamehe: chumvi ikizidi, gari likiharibika njiani, mtoto akivunja kioo, hakuwa na neno la pili. Kwa hiyo kilichotokea baadaye kilimshtua hata yeye.

Vipimo vya mbali havikumtosha Limi. Alitamani kushika mkononi kimondo, yaani jiwe lililoanguka kutoka juu; na siyo cha chuma kama kile cha Mbozi, bali aina ile nyeusi, inayomeng'enyeka, ambayo ndani yake maji ya kale bado yamefungwa. Mawe hayo ni adimu, na yakinyeshewa mvua moja tu yanaanza kupoteza siri yake. Ndiyo maana aliwaambia ndugu zake wote, kila alipopiga simu, mpaka wakachoka: “Likianguka jiwe jeusi, msilioshe. Lifungeni kwenye karatasi ya foili, mnipigie.”

Jioni ya tarehe 21 Septemba 2019 anga la Ushetu liliwaka, ukasikika mshindo, na mbuzi wakakata kamba. Asubuhi Mama Maduhu alilikuta jiwe katika shamba la marehemu mumewe, kubwa kama kichwa cha ndama, jeusi kama mkaa. Hakuligusa. Alipiga simu Dodoma akasema, “Limi, ng'wanawane, mwanangu, mgeni wako amefika.” Limi alilia kwenye simu. Alimwambia mama amwite Maduhu alilinde, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyemwamini zaidi, akapanda basi la kwanza alilolipata.

Maduhu alifika na wenzake wawili wa duarani. Walilitazama jiwe, wakaona ndani ya weusi ule kuna vipunje vinavyometameta. Mchimbaji akiona kinachometa hapitwi. Mmoja akasema Mungu hawezi kutupa jiwe kutoka mbinguni likiwa tupu. Lakini neno lililomshinda Maduhu lilikuwa la zamani zaidi, analo moyoni tangu dada yake apande ndege: kwamba hakuna Mzungu atakayemsomesha mtoto wa mkulima miaka yote ile kwa ajili ya maji. Aliamini, kwa moyo wake wote, kwamba maji ni jina la kificho, na kwamba dada yake anaibiwa bila kujua. Mama alimkataza. Yeye akamjibu, “Mama, akifika nitampa dhahabu yenyewe mkononi, aache kuwachimbia wengine.”

Walilibeba kwa pikipiki hadi Bugarama, kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Wakalisaga. Wakalimwagia maji ya bwawa, wakalichekecha, wakatia zebaki kunasa dhahabu, kama wanavyofanya kila siku ya kazi. Hawakupata hata chembe. Limi alipofika kijijini na sanduku lake la vifaa akaambiwa jiwe liko Bugarama, alidhani limepelekwa kuhifadhiwa. Alifika mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga, akamkuta kaka yake ameketi kando ya tope jeusi.

“Liko wapi?” akauliza.

Maduhu alionyesha kwa kidole. “Halikuwa na kitu, Limi. Nimehakikisha mwenyewe.”

Wenzake walidhani atapiga kelele. Limi alipiga magoti, akaanza kuchota tope lile kwa viganja akilitia kwenye mifuko, na suti yake ya safari ikaharibika yote. Hakumwambia Maduhu neno lolote siku ile, wala mwaka ule, wala ule uliofuata.

Alilikausha tope, akalipeleka maabara. Madini aliyoyaota yalikuwemo, na maji yalikuwemo. Lakini maji ya nani? Bwawa la karasha lilikuwa limeingia kila mahali, pamoja na zebaki na unga wa mawe ya watu wengine. Mwenzake mmoja ng'ambo alimshauri aandike kile kilichopendeza na anyamaze kuhusu bwawa. Limi alikataa. Aliandika kwamba sampuli imechafuliwa na haifai kuthibitisha jambo lolote, akatia sahihi. Ni karatasi fupi kuliko zote alizowahi kuandika. Alimwambia mdogo wake Noela, anayewasomea wasifu huu, kwamba kazi ya maisha yake ilisagwa na mtu aliyemlipia ada, na kwamba hajui amchukie kwa lipi na amshukuru kwa lipi.

Basi ikawa hivyo karibu miaka sita. Krismasi Mama Maduhu alipika mara mbili, kwa sababu mmoja akiingia mwingine anatoka. Maduhu aliacha kwenda maduarani, akarudi kwenye tumbaku. Alituma wazee, Limi akawapokea kwa heshima, akawapa chai, akawarudisha. Mama aliumia kuliko wote. Kila mtu aliyemwamkia alimtaja kwa jina la mtoto mmoja, naye alikuwa akimlilia mwingine.

Mwezi Januari 2025 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Dar es Salaam, na ilipoonekana dawa hazishiki, aliomba arudishwe karibu na kwao, akalazwa hospitali ya Kolandoto mwishoni mwa Julai. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa pale, waliomhudumia kama ndugu yao.

Ijumaa tarehe 8 Agosti, sikukuu ya Nane Nane, Maduhu alifika bila kuitwa. Noela alikuwa akimlisha mgonjwa uji, akataka kumzuia mlangoni. Limi akasema, “Mwache.” Kisha, akiwa amelala, akasema, “Shikamoo, kaka.”

Mtu mzima yule alishika ukingo wa kitanda, akaitikia, “Marahaba, mdogo wangu.” Akaendelea, “Limi, nilidhani nakusaidia. Nisamehe.”

“Najua ulidhani,” Limi akamwambia. “Lakini bado nina hasira na wewe, Maduhu. Nikisema imeisha nitakuwa nakudanganya, na sitaki kufa nikikudanganya. Yanahitaji kuzungumzwa, na leo nimechoka. Njoo Jumatano. Jumatano nitakuwa na nguvu, tuyaongee mpaka yaishe.”

“Nitakuja,” Maduhu akasema.

Jumapili tarehe 10 Agosti, kengele za misa ya kwanza zikigonga, Dk. Apolonia Limi Mayala alifariki dunia akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Mumewe alikuwa amemshika mkono.

Wakati wa kuandika wasifu huu, wazee wa ukoo walitaka isomwe kwamba ndugu hawa wawili walipatana, ili watu waondoke na moyo mweupe. Mama Maduhu alikuwa amekaa kwenye mkeka, akanyanyua kichwa akasema, “Yaya. Hapana. Msimtie mwanangu maneno ambayo hakuyasema. Alikataa kuandika uongo juu ya jiwe, ninyi mnauandika juu ya jeneza lake? Someni alivyosema.” Ndivyo tulivyosoma. Hatujui angesema nini. Inatuuma, na hatuna dawa yake.

Marehemu ameacha mume, mwalimu William Mihayo. Watoto wawili, Vumilia na Bartholomeo. Mama mzazi, Anisia. Mdogo wake, Noela. Na wanafunzi wake, ambao baadhi yao wamesafiri kutoka Dodoma kuja kumzika. Ameacha pia kaka yake, Maduhu Mayala, ambaye tangu asubuhi amesimama pale kwenye kichwa cha kaburi alilolichimba kwa mikono yake mwenyewe, akikataa kupokewa jembe. Leo ni Jumatano. Amekuja, kama alivyoahidi.

Mungu ampe Apolonia Limi pumziko lake, na amani hiyo atugawie na sisi tuliobaki. Amina.