Zamu Yangu ya Kuongoza

Assalaam aleikum, ndugu zangu, na wale wa salamu nyingine, hamjambo? Aliyenishika mkono kunileta huku mbele ameniacha nimewaelekea, natumaini. Kama nazungumza na ukuta, mtu akohoe. Haya, ahsanteni.

Wengi wenu macho yenu yanapungua, na wengine mmekuja na mama au mjomba. Mimi ni mwalimu wa sayansi wa sekondari msingi, huko Ganjoni, na nyumbani kwetu ni Mji wa Kale wa Mombasa, nyuma ya Ndia Kuu, nyumba alimozaliwa mamangu. Leo sitamtaja mtu kwa jina. Wenyewe wakisikia watajijua.

Presha ya macho ilinijia polepole, kwa adabu zake. Kwanza ilichukua pembe za vitu, nami nikadhani ni uchovu wa kusahihisha madaftari. Kisha ikachukua fremu ya dirisha, kisha nyuso za watoto wa safu ya nyuma. Daktari aliponiambia kwamba kilichokwenda hakirudi, kilikuwa kimebaki kidogo tu, na hicho kidogo nacho kikenda. Siku hizi naona weupe, weupe wa maziwa, na ndani yake vivuli vinapita bila kuaga.

Ndugu zangu, nawaambia, kilichonivunja hakikuwa weupe huo. Ilikuwa ndoto. Kila nikijilaza baada ya adhuhuri naota naona. Naota ubao, naota vumbi la chaki kwenye jua, sare za kijani za wanafunzi wangu, hata kovu dogo kwenye kidevu cha dada yangu ninayeishi naye. Natembea mle ndani na kila kitu kina rangi yake. Kisha adhana ya alasiri inaniamsha, nafumbua macho, na weupe uko palepale. Basi nikaanza kulala zaidi, ili nione zaidi. Naona wengine mnaguna. Samahani, nasikia wengine mnaguna.

Dada akiniuliza nataka nini, jibu lilikuwa sitaki kitu. Fimbo nyeupe niliyopewa hospitalini niliisimamisha nyuma ya mlango, pamoja na miavuli. Hata maji ya kunywa sikuomba. Nilipapasa, nikavunja gilasi, nikaokota vipande kwa vidole vyangu mwenyewe. Mwalimu mkuu akanipigia simu, akasema kwa upole kwamba nafasi yangu itaningoja mpaka muhula uishe, na baada ya hapo hana budi kumpa mwengine. Nikamwambia ampe hata leo. Nilipokata simu nililia na uso ndani ya mto, maana ile kazi ndiyo iliyokuwa maisha yangu, na sikuijua njia ya kuirudia.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, ili mwelewe. Nilikuwa na darasa langu la Gredi ya Nane, na kila Alhamisi tulitoka nje. Somo letu lilikuwa kwenye ngazi za Bandari ya Kale, tukitazama maji yanavyojaa na kupwa na kaa wanavyohama. Tukimaliza tulikwenda kwenye huduma, kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao, watoto wakifagia nyua na kuwajazia mitungi. Na kila wiki mtoto mmoja aliongoza msafara. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Nusu ya darasa ni watoto wa hapa tangu mababu, nusu wazee wao walitoka bara kuja kufanya kazi bandarini Kilindini na kwenye reli. Vichochoro vyetu mwavijua. Mtoto wa bara akipewa kuongoza, anapotea, na hawa wa hapa wanamcheka, wanampita, wanashika njia wao.

Nikaweka sheria, na nilikuwa mkali kwayo. Hakuna kumpita kiongozi, na hakuna kumsahihisha. Akipotea, twapotea naye sote, kimya, mpaka asimame mwenyewe aseme, "Nimepotea. Nani anajua?" Akishasema hivyo anasaidiwa, na atakayecheka ataiona rangi yangu. Siku nyingine tulizunguka mpaka jua likatuchoma visogo, lakini sheria ilisimama.

Basi. Alhamisi moja asubuhi, mimi nimelala, nasikia hodi. Dada akafungua. Nikasikia viatu vya shule vikimiminika uani, halafu fagio. Ndugu zangu, nilikuwa nimeingizwa kwenye nyumba za kutembelewa. Mimi niliyeianzisha huduma yenyewe, leo nafagiliwa ua. Nilijifunika shuka mpaka kichwani kwa haya, na sikutoka. Wakaenda zao. Alhamisi iliyofuata wakarudi, na nyingine tena, na kila mara waliniamkia kupitia pazia nami nikajifanya usingizi.

Kisha siku moja pazia likasogezwa. Aliyeingia nilimjua kwa sauti, binti wa bara, babake dereva wa malori bandarini. Katika darasa zima hakuna aliyepotea kumshinda yeye.

"Mwalimu," akasema, "leo ni zamu yako."

"Zamu ya nini?"

"Ya kuongoza. Darasa zima tumeongoza. Wewe hujaongoza hata mara moja."

Nilimwambia hana adabu. Nikasikia mlango ukivutwa, miavuli ikaanguka, na kitu chembamba kikawekwa mkononi mwangu. "Twenda kwenye ngazi," akasema. "Sisi tuko nyuma yako."

Nawaambia ukweli, niliinuka kwa hasira. Nilitaka kumwonyesha. Njia ile nimeipita tangu natambaa, ningeipotezaje? Nikavaa buibui, nikatoka na fimbo yangu. Nyuma yangu kulikuwa na mwalimu mwenzangu aliyenishikia darasa, na watoto, na hakuna aliyesema neno.

Mwanzoni nilikwenda vizuri. Nilipita kwenye harufu ya mahamri, nikapita kwenye ubaridi wa msikiti, mahali maji ya udhu yanapolowesha jiwe. Nilikuwa nangoja harufu ya kahawa, maana muuza kahawa hukaa kwenye pembe ile ya kukatia kushoto kuelekea baharini. Nikaenda, nikaenda, kahawa sikuisikia. Mji ukawa mrefu. Weupe ulikuwa mbele na weupe nyuma, mara jua usoni, mara kivuli, na zile nyayo zikinifuata taratibu. Nilihisi bado nimelala, na kwamba punde adhana itaniamsha.

Mkono wangu ukagusa mlango wa kuchonga, nakshi ya mnyororo pembeni, na msumari mmoja wa shaba haupo. Nikaupita. Baada ya muda mrefu nikagusa mnyororo, na pengo la msumari. Mlango uleule. Nilikuwa nawazungusha. Nikasikia mtoto akibana kicheko, na yule binti akimnong'oneza, "Kiongozi yuko mbele." Hapo nikakumbuka, maskini mie, kwamba muuza kahawa hutoka alasiri. Asubuhi ile alikuwa kwake.

Nilisimama. Tangu macho yaondoke sikuwa nimemuuliza mtu kitu chochote. Na wale watoto walikuwa tayari kuzunguka nami mpaka jioni, kwa sababu nilivyowafundisha ndivyo hivyo.

"Nimepotea," nikasema. "Nani anajua?"

Hakuna aliyecheka. Yule binti akasema, "Mimi najua, Mwalimu. Upe mlango mgongo. Upepo ukikupiga shavu la kulia, fuata chini." Hakunishika, hakunivuta. Aliniambia tu, kwa maneno yangu mwenyewe, vile nilivyomfundisha yeye kutoka mle. Nikafuata upepo. Fimbo ikagonga ukingo wa ngazi ya kwanza, nikakaa chini nikalia mbele ya darasa langu, na sikujificha. Kisha nikawaambia wote wafumbe macho, waniambie kwa masikio kama maji yanajaa au yanapwa. Tulibishana sana. Muhula ulikuwa haujaisha. Nilimpigia mwalimu mkuu jioni ileile.

Namshukuru Mungu. Namshukuru dada yangu, aliyeninyamazia bila kunikasirikia. Mwalimu mkuu, na mwenzangu tunayefundisha pamoja sasa, yeye ubaoni, mimi nje. Na wale watoto, ambao wako Gredi ya Tisa na wananipita kwa mambo mengi. Ndoto bado zinakuja, na nazipenda, lakini nikiamka nina pa kwenda.

Ninyi ambao fimbo zenu ziko nyuma ya mlango, sina somo kubwa la kuwapa. Nina yale maneno tu. Yalinichoma kuyatoa, na siku hizi nayasema mara nyingi kwa siku. Hata sasa nimemaliza, nataka kukaa, na kiti changu sijui kiko wapi.

Nimepotea. Nani anajua?