Mzee Tarcisio Olal Anatoka Chumba cha Giza

Baada ya miaka thelathini na saba ya kazi, Mzee Tarcisio Olal anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Mpaka majuzi, idara yetu ya picha za anga haikuwa na mwosha filamu mwingine.

Alizaliwa katika kambi ya polisi Naguru, mtoto wa sajini kutoka Kitgum. Alipokuja kwetu alijua picha za pasipoti tu. Kuosha filamu nyeusi na nyeupe za nyota alijifundisha mwenyewe, na somo moja lilimuuma. Mwaka 1997 tulipiga picha ya nyota yenye mkia. Olal akamimina dawa ya kukazia kabla ya dawa ya kutoa picha. Filamu ikatoka tupu kama kioo. Angeweza kuilaumu kamera. Alikwenda kwa mkurugenzi wetu, Hajji Abdulghani, akasema, "Nimeharibu mimi."

Novemba 2013, mpiga picha wetu Aloyo alikwenda Pakwach kupiga picha za kupatwa kwa jua. Jua lilifunikwa lote kwa sekunde ishirini hivi. Aliporudi, kadi ya kamera ya kidijitali ikagoma kusomeka. Ikabaki filamu moja.

Olal alipoza dawa kwa barafu, akajifungia katika chumba cha giza. Filamu ilikuwa ndani ya beseni wazi, ambapo mwanga kidogo tu ungeiharibu, umeme ulipokatika, na saa yake ya umeme ya kupimia dakika ikasimama. Hajji, kwa huruma, akachukua tochi amfuate. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa tuliposikia sauti:

"Hajji, usifungue! Hata nyumba ikiungua, usifungue!"

Tukaganda mlangoni. Ndani, Olal alikuwa akisali Salamu Maria kwa Kiacholi. Alikwishapima zamani: Salamu Maria sita ni dakika moja. Alipotoka na filamu inayochuruzika maji, jua lilikuwepo, rangi zikiwa kinyume: duara jeupe, limezungukwa na pete nyembamba nyeusi. Aloyo alilia. Hajji alicheka mpaka akakaa chini. "Leo," akasema, "nimeokolewa na rozari."

Tusimpambe kupita kiasi: mkasi wake haugusiki, na chai yake imepoa kila siku kwa miaka yote hii. Lakini Santa, mwanafunzi wake wa miaka minne, sasa anaosha filamu peke yake, na haharibu.

Asante sana, Mzee Olal. Nenda Kitgum ukae nje, juani, na mkeo, Mama Aol, unywe chai ikiwa moto. Mungu akupe afya na siku nyingi.