Bwana Wati Anarudi Nyumbani na Kitinda Mimba

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi wetu wa umeme anastaafu baada ya kuitumikia maktaba hii kwa miaka thelathini na mmoja. Hesabu yangu inaanzia nyuma kidogo: ni miaka thelathini na mitatu na miezi miwili tangu yeye na mimi tuteremke kwenye lori moja, kila mtu na begi lake, tukisema tutakaa hapa hadi mambo yatulie. Jumapili anapanda basi la kurudi. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa sababu namfahamu kuliko wote. Ni kweli. Namwonea wivu pia kuliko wote, na ni vizuri msomaji alijue hilo mapema.

Humu ndani anaitwa Bwana Wati. Jina alipewa na mama wa mapokezi, siku lilipoletwa birika jipya la umeme. Fundi akalipindua, akasoma chini yake, akauliza kwa uso wa msibani linakula wati ngapi. Tangu siku hiyo hakuna kifaa kilichoingia maktaba bila kupinduliwa: feni, mashine ya kunakili, hata redio ya mlinzi. Alianza kama kibarua wa kubadilisha taa za chumba cha kusomea. Akajiandikisha kozi za jioni, akapata cheti, akaajiriwa kuwa fundi kamili. Mwaka huohuo mimi nilifeli mtihani wa pili wa ukutubi, na yeye akanunulia ofisi nzima soda.

Lakini atakumbukwa zaidi kwa chumba cha ufundi. Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana, wafanyakazi na wasomaji hukutana kwenye kile chumba cha chini, jirani na ghala la magazeti ya zamani, kuchezea kompyuta ndogo: bodi tupu zisizo na kasha, ambazo mtu huziunganisha waya mwenyewe. Humo ilitengenezwa kengele ya kufungia maktaba, na pia mtambo wa kuhesabu wasomaji mlangoni, ambao kwa wiki nzima ulimhesabu paka.

Miaka sita iliyopita ghala lilianza kunuka unyevu. Umeme wake huzimwa kila tunapofunga, kwa hiyo tulihitaji kompyuta ndogo ya bei ya chini, inayoishi kwa betri, ipime unyevu kila nusu saa na kutupigia kelele ukizidi. Tuliazimwa tatu za kujaribu. Ya kwanza ilikuwa kompyuta kamili iliyopunguzwa umbo, yenye kioo, intaneti na feni yake. Tukaiita Bwana Harusi. Ya pili ilikuwa ya wastani, ikaitwa Wa Kati. Ya tatu, ukubwa wa kiberiti, haikuwa na kioo wala mbwembwe. Ilifanya kazi moja uliyoipa, kisha ikalala hadi zamu yake ifike tena. Hiyo ikawa Kitinda Mimba.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kuchagua. Nilisoma kila nilichokipata, nikaandika kurasa nne zenye jedwali, nikamchagua Bwana Harusi, kwa hoja kwamba chombo kinachoweza mengi kitatufaa kwa mengi. Bwana Wati hakusoma hata ukurasa mmoja. Alichukua betri tatu za aina moja kutoka kwenye taa za dharura, akaziunganisha na bodi zote saa mbili asubuhi, akaketi kunywa chai. Kila saa aligusa kila bodi kwa mgongo wa kidole, kama mama anayepima homa ya mtoto, akaandika. Bwana Harusi alizimika saa saba mchana. Wa Kati tulimkuta kimya asubuhi iliyofuata. Kitinda Mimba alikuwa bado anahesabu Jumatano ya pili.

“Kaka,” aliniambia mbele ya kamati nzima, “huyu wako anakula kama mgeni wa harusi kweli. Ghala linataka mlinzi.”

Walicheka, na mama wa mapokezi alicheka hadi akavua miwani. Nikautumia uenyekiti wangu: Bwana Harusi akaingia ghalani, akaongezewa betri kubwa.

Kwa miezi miwili alituletea habari njema tu: hewa kavu, hakuna shida. Kumbe nilikuwa nimekiweka kipimo cha unyevu ndani ya kasha lake mwenyewe, palepale penye joto lake. Alikuwa anaikausha hewa iliyomzunguka, kisha anaipima hiyohiyo. Siku moja Bwana Wati aliingia kubadilisha taa, akasimama, akanusa, akavuta majalada ya rafu ya chini. Kuvu ilikuwa imeshaingia kwenye mawili. Moja lilikuwa la gazeti la mji wetu sisi wawili, la mwaka tulioondoka. Nakala nyingine hatujawahi kuisikia.

Aliliokoa. Alikaa nalo wiki tatu, ukurasa kwa ukurasa, karatasi ya kunyonya maji katikati, feni ikipuliza kwa mbali, na zikapotea kurasa kumi na moja tu. Kwenye kitabu cha hitilafu aliandika: “Kifaa kimepata joto. Kimebadilishwa.” Hakuandika nani alikichagua. Ningepumua vizuri zaidi kama angeandika. Kitinda Mimba yumo mle hadi leo, kipimo chake kikining'inia mbali mwishoni mwa waya, na hubadilishiwa betri mara mbili kwa mwaka.

Sasa fundi anarudi. Dada yake amemtengea vyumba viwili vya uani, na kwa kutazama picha tu ameshajua pa kufunga kipande cha sola juu ya bati. Ndani ya kopo la biskuti ana bodi tatu, zote za ukoo wa Kitinda Mimba. Mojawapo itapima mvua na joto la uani na kuleta namba kwenye meza yangu kila siku saa moja asubuhi. “Usije ukasema hujui hali ya nyumbani,” aliniambia. Yeye atapata mvua yenyewe. Mimi nitapata milimita zake.

Mara tatu ameniambia chumba cha pili ni changu. Safari hii sikuandika jedwali. Niliingia ghalani, nikalifungua lile jalada, nikaupitia mtaa wetu tangazo kwa tangazo: kinyozi, duka la vitambaa, ratiba ya mabasi. Mji ninaoutaka umo mle. Yeye anakwenda kwenye mji uliopo leo, naye atauweza, maana hupokea kila kitu kama kilivyo, akakigusa, akajua. Mimi nina kaburi la mke wangu hapa, na wajukuu ambao wakisema nyumbani wanamaanisha hapa.

Bwana Wati, maktaba nzima inakushukuru, na magazeti yangeshukuru kama yangeweza. Ulale kwako, ule kwa dada yako, afya isikupungukie. Kile chumba mpe mgeni mwingine. Namba zako nitazisoma kila asubuhi. Mimi sirudi.