Fundi Njooni na Jua Lililoingia Chumbani

Fundi tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, saa tatu asubuhi, katika nyumba iliyopakana na kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili wa mpishi na mkunga. Mama yake alisimulia kwamba alizaliwa macho wazi, akaitazama taa kama mtu anayeikagua.

Alianza shule mwaka 1953. Alipokuwa darasa la tano alivunja dirisha kwa mpira, na mwalimu mkuu akamwamuru amshikie ngazi fundi aliyeleta kioo kipya. Kipande kimoja kilichovunjika kikatupa rangi za upinde wa mvua sakafuni. Marehemu akasahau adhabu, akaachia ngazi, akapiga kelele: "Njooni! Njooni muone!" Darasa zima likamiminika, mwalimu mkuu akiwa mbele, fundi akining'inia dirishani. Tangu siku hiyo akaitwa Njooni.

Mwaka 1962 fundi yule yule alimchukua kuwa mwanagenzi, kwa sharti kwamba ngazi haachii tena. Mwaka 1968 Njooni alifungua karakana yake ya vioo, jirani na kinyozi, akadumu hapo miaka arobaini na mitano. Alikata kioo kwa kusikiliza. "Kikilia vizuri," alisema, "kimekubali."

Tarehe 7 Agosti 1971 alimwoa fundi cherehani aliyekuwa mteja wake.

"Kioo chako kinaninenepesha," bibi alilalamika.

"Dada, kioo hakijui uongo."

"Basi kifundishe!"

Njooni alirudi mara tatu kurekebisha kioo kisicho na kasoro. Mara ya nne alikuja na wazazi wake.

Mwaka 1979 walimzika mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa na miaka sita. Kwa miezi minane Njooni hakumwita mtu yeyote kuona chochote. Kisha, tarehe 22 Aprili 1980, akiwa kwenye kamba anaweka kioo ghorofa ya kumi na moja, maelfu ya mbayuwayu walimzunguka, wakajikunja na kujikunjua angani kama shuka moja. Akagonga dirisha kwa nguvu zote: "Njooni!" Ofisi nzima ikaja, mkurugenzi na mfagiaji bega kwa bega, midomo wazi, wengine wameshikana mikono bila kujuana. Jioni alikula sahani mbili. "Mke wangu," alisema, "leo nimejiona mdogo sana, na haikuniuma."

Baada ya hapo kila Jumamosi saa kumi aliweka maajabu mlangoni: mguu wa nzi chini ya lenzi, tone la maji ya mfereji, sega la nyuki. Sharti lilikuwa moja, hakuna kutazama peke yako. Ukija mwenyewe, alikurudisha: "Nenda kalete mtu." Ndoa mbili mtaani kwetu zilianzia hapo.

Mwaka 1999 aliandika kwa chokaa ukutani siku ya kupatwa kwa jua: 3 Novemba 2013. Akaingoja miaka kumi na minne. Lakini mwaka 2012 mapafu yalianza kumsumbua, na siku yenyewe ilipofika alikuwa kitandani hospitalini, ghorofa ya tatu, bomba la oksijeni puani, katika chumba kinachotazama mashariki. Jua lilikuwa upande wa pili. Daktari alikataa ashushwe.

"Nendeni mkatazame," aliwaambia wanawe, akageukia ukuta.

Kinyozi hakukubali. Alipanda paa la jengo la mkabala na kioo cha saluni, amekifunika karatasi yenye tundu dogo, kama Njooni alivyomfundisha, akalirusha jua hadi ukutani kwa mgonjwa. Likatua pale, kubwa kama sahani, limemegwa ubavuni! Njooni akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo: "Njooniii!"

Wakaja watu ishirini na sita. Majirani wawili wasiosalimiana tangu ugomvi wa bomba la maji waliketi ukingo mmoja wa kitanda. Mara jua likaanza kuteleza, likapita kabatini, likatoweka. Mlangoni akasimama kinyozi, anahema.

"Wewe! Kioo umemwachia nani?" mjane wetu aliuliza.

"Shemeji, si ameita?"

Njooni alicheka hadi bomba likamtoka puani. "Msimlaumu. Kule alikuwa peke yake. Rudi, ndugu yangu, lakini chukua mtu!"

Wakaenda wanne. Jua likarudi ukutani, jembamba kama ukucha, na Njooni akalitazama hadi mwisho, mkono wake katika mkono wa mkewe.

Alifariki Jumanne tarehe 5 Novemba 2013, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba. Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, dada yake, na mtaa mzima.

Pumzika kwa utulivu, Fundi. Kioo tumekishika, wawili wawili.