Birkhaman Subba, Aliyeonja Maji Kabla ya Njia

Tarehe 31 Mei, Bwana Birkhaman Subba atakabidhi funguo za gari namba saba baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwapeleka wageni wa Pelling, mji wetu wa milimani, kutazama maporomoko ya maji, ziwa na mlima, na kuwarudisha wote kabla ya chai ya jioni. Wote, nasema, hata wale waliostahili kuachwa.

Alitujia kutoka shamba la iliki la baba yake kule Darap, akiwa na leseni mpya na aibu nyingi. Aibu ilikwisha baada ya wiki moja. Yeye ndiye aliyetufundisha kubeba chumvi mfukoni kwa ajili ya ruba wa njia ya ziwani, na kutomwahidi mgeni yeyote kwamba ataiona Kanchenjunga. Bibi harusi mmoja alimlilia kwa sababu ya ukungu asubuhi tatu mfululizo. “Binti yangu, mlima si mwajiriwa wetu,” alimwambia, kisha akamnunulia momo za moto, vile vitumbua vyetu vya nyama vya kupikwa kwa mvuke, na kilio kikakoma.

Alikuwa pia na desturi moja tuliyoicheka sana. Kwenye kona ya mwisho kabla ya maporomoko ya Sangwa palikuwa na chemchemi. Kila safari alisimamisha gari, akakinga maji kwa kiganja, akayatazama, akayaonja, ndipo akaendelea. Wageni walidhani ni ibada.

Miaka tisa iliyopita, mwezi wa Oktoba, mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku nne, lakini maji yale yalitoka na tope; kwake hiyo ilikuwa dalili kwamba mlima unalegea kwa ndani. Birkhaman akageuza gari. Ndani alikuwemo Profesa Nirmalendu Ghatak wa Kolkata na ukoo wake mzima.

“Tumeahidiwa vituo saba, tumeona sita!” profesa alinifokea ofisini, akinihesabia kwa vidole. “Cha saba kiko wapi?”

“Kipo palepale, Profesa,” akajibu Birkhaman. “Na nyinyi mpo hapa, nyote.”

Siku hiyo haikudondoka hata kokoto. Wala kesho yake. Mimi, msimamizi wa safari, nikamsimamisha kazi wiki mbili, katikati ya msimu wa wageni. Wenzake walimtania sokoni: “Kaka Birkha, leo maji yamesemaje?” Naye akawajibu kwamba bado yanasema.

Tusichokijua ni kwamba kila asubuhi alikwenda kwa miguu hadi kwenye kona ile, akaketi na chupa yake ya chai, akiwasihi madereva wageuze. Wengi walimpita wakimpigia honi. Siku ya tisa likaja gari letu, nami nikiwa ndani na wageni wanane, kwa kuwa nilitaka kuonyesha kwamba njia ni salama. Alisimama katikati ya barabara na kutandaza mikono.

“Bwana Pintso, shuka unifukuze kabisa,” alisema. “Lakini gari halipiti.”

Nikashuka. Nilikuwa bado natafuta maneno makali wakati ngema ya mlima ilipomeguka mbele yetu, ikazoa miti, chemchemi na mita sitini za barabara, ikavitupa bondeni. Vumbi lilipotulia, mtu wa kwanza kusema alikuwa Birkhaman. Aliuliza kama wageni wametimia.

Alirudishwa kazini siku hiyohiyo, akavishwa shali, akapigiwa makofi. Tangu hapo hakuna dereva wetu anayepita chemchemi yoyote bila kuonja maji. Hiyo ndiyo fahari ya kituo chetu cha magari, na imetoka kwake.

Mimi siku ile nilimpa mkono tu. Msimamizi hamwombi radhi dereva, nilijiambia, na neno la radhi limenikaa kooni miaka tisa. Haitapita tarehe 31 Mei nikiwa bado nimelimeza. Kaka Birkhaman, mbele ya wafanyakazi wote: nilikosea, na nina haya. Asante kwa uhai wangu na wa wale wanane. Mungu akujalie miaka mingi ya afya na usingizi mzuri, na popote utakapopanda gari, awepo dereva kama wewe.